Uuguzi wa cheti ufutwe? Karibuni tujadili

Mama Tatu: Wakuu, habari za jioni. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, ana D ya fizikia na C za kemia na baiolojia. Uuguzi anautaka tangu mdogo. Mjomba wake anamkataza kusoma cheti, anasema ngazi hiyo ifutwe nchi nzima, muuguzi aanzie diploma ya miaka mitatu. Mimi nauliza, zahanati za vijijini atabaki nani? Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) wa 2007 ulituahidi zahanati kila kijiji, na kwetu jengo lipo, mtu wa kukaa ndani ndiye wa kutafuta.

Mzee wa Kilombero: Kifutwe. Mama anavuja damu baada ya kujifungua, saa nane usiku, muuguzi yuko peke yake na gari la wagonjwa liko wilayani. Huyo wa cheti cha miaka miwili unamtwisha mzigo gani? Digrii ya uuguzi ipo nchini tangu miaka ya tisini kama sikosei, sisi bado tuko kwenye cheti.

Sista Mstaafu: Muhimbili walianza mwishoni mwa miaka ya 1980, si tisini. Mimi nilianza na cheti, nimezalisha miaka 31. Hao wa digrii mnaowasifu wanafika wodini hata kutandika kitanda hawajui.

Nesi wa Digrii: Sista, shikamoo, lakini hapo umenichoma. Miaka minne chuoni, mwaka mzima wa intaniship, leo nipimwe kwa shuka?

Sista Mstaafu: Marahaba mwanangu. Ndiyo, kwa shuka. Mgonjwa aliyepooza mwache juu ya mkunjo siku mbili tatu, ngozi ya kiunoni inaanza kubadilika, na ukichelewa unasafisha kidonda unaona mfupa. Sisi tulifundishwa kumlaza ubavu, unakunja shuka chafu kuelekea mgongoni kwake, unatandaza safi, halafu unapitisha kiganja chote chini yake: mkunjo hakuna, punje ya wali hakuna. Kila baada ya saa mbili unamgeuza. Hiyo nayo ni elimu.

Bwana Ubungo: Shuka zenyewe ziko wapi? Mama yangu alilazwa, tukabeba kanga zetu nyumbani.

Nesi wa Digrii: Na wodi ina wagonjwa arobaini, zamu ya usiku tuko wawili. Kila baada ya saa mbili nitamgeuza nani nimwache nani? Msiseme hatujui. Tunajua, mikono ndiyo haitoshi.

Mwaka wa Pili: Naomba niseme, mimi bado mwanafunzi wa diploma. Fildi iliyopita wodi moja ilikuwa na wanafunzi wa vyuo vinne. Akaja mgonjwa wa kuwekewa kanula, kile kimrija cha dripu kwenye mshipa, tukamzunguka watu kumi na sita. Nilichoona ni mabega ya wenzangu. Jioni logibuku yangu, daftari la kazi tunazofanya wodini, ikasainiwa kwamba nimefanya. Mwalimu wetu wa chuo hatukumwona wiki nzima. Naogopa siku nitakayoachwa peke yangu na mtoto mwenye mishipa isiyoonekana.

Mzee wa Kilombero: Si ndiyo nasema! Vyuo vimeota kama uyoga, vinatafuta ada. Baraza la Uuguzi na Ukunga lipo, sheria ya 2010 ipo, na logibuku inasainiwa hewani.

Sista Mstaafu: Mzee, huyo aliyeona mabega ni wa diploma, si wa cheti. Soma vizuri.

Jirani wa Kisumu: Hapa Kenya wauguzi waligoma 2017 karibu miezi mitano. 2021 serikali ikatia sahihi na Uingereza, wauguzi wetu waende kufanya kazi huko. Mkipandisha masomo bila kupandisha mishahara, mtakuwa mnawasomeshea watu wengine.

Nesi wa Digrii: Na tukiondoka mtatuita wasaliti. Mimi nina mdogo wangu anasoma kwa mshahara wangu huu.

Bwana Ubungo: Mitihani yenu yote Kiingereza. Mama yangu alisema tumbo linamnyonga, kijana wa fildi akabaki anamtazama.

Mama Tatu: Jamani, nimesoma yote. Cheti au diploma? Siku za kuomba zinaisha.

Sista Mstaafu: Alama zake zinamtosha, aende diploma. Ila kabla hujalipa hata shilingi, nenda chuoni mwenyewe. Omba wakuoneshe chumba cha vitendo, uhesabu vitanda na wanafunzi. Uliza wodini wanakwenda na mwalimu wao, au wanaachiwa wauguzi wa zamu. Wakianza kujiumauma, rudi na hela yako.

Mwaka wa Pili: Ningepata mtu wa kunishauri hivyo mapema, Sista.

Nesi wa Digrii: Hapo nakubaliana na wewe kabisa, Sista. Ila la kitanda, bado nasubiri uniombe radhi.