Irie Naoki wa Itazura na Kiss ANAKERA, na nyie mnaomuita mume bora mnakera zaidi!

Wakuu salaam. Leo nina hasira mnivumilie tu, na mashabiki wa Itazura na Kiss kaeni mkao wa kula maana nakuja kwenu.

Naongelea ile tamthilia ya Kijapani ya 2013, Love in Tokyo, Miki Honoka kacheza Kotoko na Furukawa Yuki ndio Irie. Kila grupu la season za Waasia nikiingia nakuta dada zetu wamemwaga vimoyo kwenye picha ya huyu jamaa, oooh Mungu nipe kama huyu. Akupe wa nini? Wa kukuita mjinga asubuhi mchana jioni?

Binti kampenda miaka kimyakimya, yeye yuko darasa F la vilaza, jamaa yuko darasa A na akili zake za IQ 200, siku anajikaza anampa barua anajibiwa siitaki. Sawa, kupenda hakulazimishwi, hapo hata simlaumu. Ila kumbe barua aliisoma! Na kaikariri! Sherehe ya kumaliza shule, wanafunzi wote wapo, anaanza kuitiririsha neno kwa neno watu wacheke. Kotoko na yeye kajibu mapigo, katoa picha ya jamaa akiwa mtoto, mama yake kamvalisha gauni, (hapo nilishangilia peke yangu sebuleni). Jamaa kambeba mzobemzobe mpaka nje, binti analia anamwambia basi nitakusahau, ghafla anambusu, halafu anatoa ulimi anamwambia umekoma. Busu la kwanza la mtoto wa watu hilo jamani, amepewa kama adhabu, na muziki mtamu umewekwa chini yake ili sisi tuone ni mahaba.

Msiniletee habari za tsundere hapa (yule mhusika mkali nje, ndani ana mapenzi), eti ndivyo alivyo, hajui kuonyesha hisia, eti mama yake ndio alimharibu na yale magauni. ANAJUA. Baba yake Irie alipougua moyo na kampuni ikayumba, akakutanishwa na Sahoko, mjukuu wa tajiri aliyekuwa na hela za kuiokoa kampuni. Mlimuona? Mpole, anatoka naye vizuri, anaongea kwa adabu zote. Kwa hiyo ustaarabu anao, ila ameamua Kotoko hastahili, kwa sababu anajua Kotoko hata atukanwe vipi kesho atarudi. Hicho ndicho kinanichoma mimi, kwamba anachagua nani wa kumheshimu.

Na hajaja kushtuka kwa sababu ya mapenzi wala nini, kashtuka siku Kin-chan katangaza ndoa na Kotoko. Kin-chan huyu aliyempenda Kotoko toka shule, akaenda mpaka kujifunza upishi kwenye mgahawa wa baba yake Kotoko ili awe mtu wa maana. Sasa Irie kusikia tu jamaa anataka kuoa, huyo kwenye mvua, anamvaa binti, eti usithubutu kusema unampenda mwanaume mwingine zaidi yangu. Hapo yeye mwenyewe ana mchumba!! Samahani hakuna, nilikuumiza hakuna, ni amri tu. Na binti anakubali, ndoa hiyooo. Nyie mnalia machozi ya furaha, mimi nalia na Kin-chan.

Mtasema baada ya ndoa kabadilika. Haya, season ya pili ya 2014, Kotoko kajipinda kusomea unesi ili tu afanye kazi na mumewe daktari, anatokea mwanafunzi mwenzie Kamogari anamjali kidogo, Irie anamnunia mkewe ndani ya nyumba, hasemi kosa ni nini, binti wa watu anajipekua amekosea wapi. Mpaka mama Irie ndio anahangaika nao, na bila huyo mama na kamera yake ya kuwavizia mimi ningekuwa nimeshazima zamani, ndio mtu pekee mule ndani anayemuona Kotoko kama binadamu.

Marehemu Tada Kaoru, mwandishi wa hadithi yenyewe, simgusi, manga (kitabu cha katuni cha Kijapani) kaanza 1990 na akafariki 1999 hata hajaimaliza, zama zake hizo. Lakini hawa wengine walioigeuza tamthilia? Japani wenyewe 1996, Taiwan 2005, Korea 2010, wakarudi Wajapani 2013, Taiwan tena 2016. Simu zimebadilishwa, nguo zimebadilishwa, nyumba zimebadilishwa, hakuna mwandishi hata mmoja aliyekaa akasema huyu kaka tumpe basi sentensi moja ya kuomba msamaha ile siku ya mvua.

Anayemtetea aje na episode na tukio, sio aje na sura ya Furukawa, sura tumeiona.

Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa Playful Kiss, ile ya Korea, Wakorea nao nina yao.