Tupeane uzoefu: "must", "could" na "would" vikikutana na jana, kesho na Ijumaa

Wakuu, salaam. Nafundisha Kiingereza kidato cha pili, na kila mwaka wanafunzi hukwama palepale: "He must come yesterday." Nawaelewa. Sisi tunasema lazima alikuja, lazima atakuja. "Lazima" haiguswi, wakati unabebwa na kitenzi kinachofuata. Kwa Kiingereza kitenzi kinachofuata "must" hakibebi wakati, hivyo ukitaja jana unaita "have": "He must have come yesterday." Hapo unakisia. Ukimaanisha alilazimika, ni "had to come". Nyinyi mlilielewaje?

Bahari Shwari: Mwalimu, natembeza wageni Zanzibar. Kilichonifungua macho ni "could". Nilipokuwa mdogo "I could swim", uwezo wa siku zote, sawa. Ila jana bahari ilichafuka, ikatulia, tukafika kisiwa cha Changuu: hapo ni "we were able to reach". Kama hatukufika, "we couldn't" inatosha.

Mama Wawili: "Would have" niliipata kwa bibi yangu, Mungu amrehemu. Kiingereza hakujua hata neno, ila akisema "ungaliniambia jana ningalikuja", ulijua nafasi imeshapita. Akisema "ungeniambia ningekuja", bado kuna nafasi. Siku hizi wengi tunatumia -nge- kwa yote mawili, kisha tunashangaa wanetu wakiandika "I would come yesterday". Nyumbani kwangu nimeirudisha -ngali-. Mtoto akiizoea, "If you had told me, I would have come" haimsumbui. Naumia sana nikiona tunaiacha, maana inatufaa hata kwenye lugha za wenzetu.

Wa Bandarini: Kwetu Mombasa, kazi za forodha, kinachogharimu ni "by" na "until", kwa sababu sote tunasema mpaka Ijumaa. Hati "must reach us by Friday": hata Jumatano ni sawa, Ijumaa ndiyo mwisho. Mzigo "can stay until Friday": unakaa muda wote huo.

Bahari Shwari: Mwalimu, na "needn't have" je?

Mwanzisha mada: Swali zuri. "You needn't have waited yesterday": ulingoja, na haja haikuwepo. "You didn't need to wait yesterday": haja haikuwepo, lakini kama ulingoja au hukungoja, sentensi haisemi. Leteni nyingine, kesho naingia nazo darasani.