Ekskaveta ya haibridi inagoma kuzunguka asubuhi: nianze kupima wapi?

Fundi Mikindani

Habari za kazi, mafundi wenzangu. Nahudumia ekskaveta ya haibridi inayochimba mawe ya matumbawe karibu na Mikindani, si mbali na bahari. Sehemu yake ya juu huzungushwa na mota ya umeme, na mtambo unapofunga breki ya kuzunguka, nishati yake huhifadhiwa kwenye kapasita. Tangu mvua zianze, asubuhi injini inawaka vizuri, bum na ndoo zinafanya kazi, lakini kabini haizunguki, na skrini inaonyesha msimbo wa kupungua kwa insulesheni, yaani kinga inayozuia umeme usivuje, kwenye saketi ya umeme mkubwa. Ikifika saa nne, jua likishapanda, msimbo hufutika na mtambo hupiga kazi hadi jioni. Wauzaji waliosomewa msimbo huo kwa simu wameshauri inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa kuendeshea mota, ibadilishwe, na tajiri alipotajiwa bei aliniuliza kama kweli hakuna njia nyingine. Naomba ushauri wa mahali pa kuanzia kabla hatujaagiza chochote.

Umeme wa Mitambo, Lindi

Ndugu yangu, msimbo hueleza kompyuta imeona nini, hauelezi kifaa gani kimekufa, kwa hiyo hiyo inveta iache kwanza dukani. Ningeanza na upande wa volti 24, kwa sababu upimaji wake ni wa haraka na hatari yake ni ndogo. Weka mita kati ya ncha hasi ya betri na chesisi wakati starta inazungusha injini. Ukiona zaidi ya nusu volti, tafuta kutu au boliti iliyolegea, maana kompyuta zinazolishwa volti pungufu hutoa misimbo ya uongo. Usitosheke na kupima omu, kwani waya uliobakiwa na nyuzi chache unaweza kusoma karibu na sifuri na bado ukazidiwa unapobebeshwa mzigo. Kisha zima kila kitu, upime kati ya nyaya mbili za CAN, mtandao ambao kompyuta za mtambo huwasiliana kwao: ukipata kama omu 60, rezista zote mbili za mwishoni, za omu 120 kila moja, ni nzima, ukipata 120, mojawapo haifiki kwenye mita. Hata hivyo, kwa jinsi hitilafu yako inavyokwenda na jua, sidhani kama ugonjwa uko upande huu.

Mwalimu Mstaafu

Nakubaliana naye, ila tujue kwanza tunashika mtambo wa aina gani. Haibridi si zote zina umeme mkubwa: Caterpillar 336E H, iliyotangazwa mwaka 2012, huhifadhi nguvu kwenye akumuleta za haidroliki, yaani mitungi ya mafuta yenye presha, wakati ile ya Komatsu iliyoingia sokoni Japani mwaka 2008 hutumia kapasita na mota ya umeme ya kuzungushia, kama huo wako. Kwenye aina hii ya pili, nyaya za rangi ya machungwa hazishikwi ovyo. Zima mtambo, ufunguo ukae mfukoni mwako, kata swichi kuu, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha mtambo huo, kwa sababu kapasita hubaki na mamia ya volti hata injini ikiwa imezimwa. Vaa glavu za mpira za daraja la volti 1,000, baada ya kuzijaza hewa na kuzikunja uone kama hazivuji. Mita yako iwe ya kiwango cha usalama cha CAT III 1000 V, na uijaribu kwenye betri kabla na baada ya kupima, ili sifuri utakayoisoma iwe sifuri kweli. Asiye na glavu hizo asubiri hadi azipate.

Sasa, kupima saa nane mchana mtambo ukiwa umekauka ni kujisumbua. Hitilafu inakuja na unyevu, basi ipime alfajiri, kabla injini haijawashwa. Chomoa nyaya kwenye inveta, na mega, yaani mita ya kupimia insulesheni, usiielekeze kwenye inveta yenyewe, maana volti 500 zake zinaweza kuua elektroniki. Kisha pima kipande kimoja kimoja dhidi ya chesisi: nyaya za jenereta, nyaya za mota ya kuzungushia, halafu mota na jenereta zikiwa zimetenganishwa na nyaya zake. Kilicho kizima husoma megaomu nyingi. Kanuni namba 100 ya Umoja wa Mataifa, iliyoandikwa kwa magari ya barabarani, inadai angalau omu 100 kwa kila volti ya mkondo mnyoofu (DC) na omu 500 kwa kila volti ya mkondo geu (AC). Kwa mfumo wa volti 300 za mkondo mnyoofu hiyo ni omu 30,000 tu, nami nisingeridhika na kipande kinachosoma hivyo. Tarakimu za kufuata ni zile za kitabu cha mtambo wako.

Opereta wa Kusini

Mimi ni opereta, si fundi, na mafundi hawana desturi ya kutuuliza, lakini naomba kujua: mtambo huo unaoshwa vipi? Vumbi la matumbawe likilowa huganda kama saruji, na machimboni wengi hulibandua kwa pampu ya presha, maji yakisukumwa hadi chini ya kabini, palepale nyaya za machungwa zinapopita. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari huku kwetu yana chumvi. Yakikauka, chumvi hubaki, na usiku huvuta unyevu upya.

Fundi Mikindani

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Kaka opereta, umegusa penyewe: mtambo huoshwa Jumamosi kwa maji ya kisima, na Jumatatu ndiyo siku ambayo msimbo huchelewa zaidi kufutika. Upande wa volti 24 ni mzima, na CAN inasoma omu 60. Alfajiri, kwa mega, jenereta na nyaya zake zilisoma zaidi ya megaomu 100, lakini mota ya kuzungushia pamoja na nyaya zake ilisoma megaomu 0.05. Nilipozitenganisha, nyaya zilikuwa nzima. Nilifungua kisanduku cha viunganishi juu ya mota, nikakuta mpira wa mfuniko umejikunja kwenye kona moja, matone ya maji ndani, na ukoko mweupe wa chumvi kati ya kiunganishi na kiunganishi. Baada ya kusafisha na kukausha, usomaji umepanda hadi megaomu kadhaa, na tajiri amesitisha oda ya inveta. Mpira mpya haupatikani hapa Mtwara. Je, nipake silikoni kwa sasa?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Silikoni yenye harufu ya siki usiipake, kwa sababu inapokauka hutoa asidi inayokula shaba. Safisha mpira wa zamani, ukalishe sawasawa, kaza boliti kwa kipimo cha kitabuni, na pampu ya presha isifike tena chini ya kabini. Viunganishi visisuguliwe kwa msasa, maana utaondoa utando wa juu unaovilinda. Tumia dawa ya kusafishia konekta. Endelea kupima alfajiri na kuandika: usomaji ukishuka tena huku kisanduku ni kikavu, unyevu umeingia kwenye koili na mota itabidi ifunguliwe. Na opereta wako asizoee kuzima na kuwasha mtambo hadi msimbo upotee, kwa sababu mvujo mmoja wa umeme ukiachwa hapo na wa pili ukatokea kwingine, bodi ya mtambo inaweza kushika umeme.