Paneli za mimbari ya Boljoon: mali ya taifa au ya wanaosali chini yake?

Wakuu, nina jambo la Ufilipino.

Boljoon ni mji mdogo wa pwani, kusini mwa kisiwa cha Cebu. Kanisa lake la mawe ya matumbawe lilianza kujengwa 1783, enzi za watawa wa Mtakatifu Augustino, likawa pia ngome: wavamizi wakionekana baharini, watu walikimbilia humo. Miaka ya 1980, paneli 4 za mbao zilizochongwa na kupakwa rangi zilitoweka kwenye mimbari yake.

Februari 2024 zikaibuka Manila. Makumbusho ya Taifa ilizionyesha kwa shangwe kama zawadi kutoka kwa wakusanyaji binafsi. Cebu ikawaka. Jimbo Kuu Katoliki la Cebu likasema ni vitu vitakatifu, viliondolewa bila idhini, virudi. Gavana naye akadai hivyo hivyo.

Msimamo wangu: virudi. Mimbari si kabati la maonyesho. Kabla ya vipaza sauti, padri alipanda pale ili hata mama aliyekaa mwisho kabisa asikie. Mtoto asiyejua kusoma alimjua mtakatifu kwa kumtazama kwenye ubao ule wakati mahubiri yanamchosha. Ukiubandika ukutani Manila, unabaki kuwa ubao mzuri tu.

*

Mkuu, hisia nyingi. Oktoba 2013 tetemeko lilipiga Bohol, kisiwa jirani na Cebu, makanisa ya Loboc na Loon yakaanguka. Ukiongeza mchwa, chumvi ya bahari na vimbunga, unataka tuuache urithi huo chini ya ulinzi wa komeo la sakristia? Isitoshe, kuingia Makumbusho ya Taifa ni bure tangu 2016, kwa hiyo hakuna anayefungiwa mlango. Na waliotoa zawadi wangeweza kukaa nazo sebuleni kwao, tusingejua lolote.

*

Kiingilio bure, sawa, na nauli je? Bibi wa Boljoon avuke bahari hadi Manila akamwone mtakatifu wa kanisa lake?

Halafu tusikwepe sheria. Kanuni ya 1292 ya Sheria za Kanisa inasema kitu chenye thamani ya sanaa au historia hakiuzwi wala kutolewa bila ruhusa ya Vatikani. Hata kama kuna padri aliyeuza ili apate mabati ya paa (nasema hata kama), hakuwa na cha kuuza. Mnunuzi anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na bado kitu si chake. Na makumbusho hiyo hiyo ndiyo iliyolitangaza kanisa la Boljoon kuwa Hazina ya Utamaduni ya Taifa. Kabla ya kukata utepe, hawakujiuliza mbao zimetoka wapi?

*

Basi zingewekwa kwenye tawi lao la Cebu mjini, lililofunguliwa 2023. Kila mtu angepata.

*

Mwanzisha mada hapa. Hilo la tawi lingenishawishi kama mimbari isingekuwepo tena. Lakini ipo! Boljoon ni kama kilomita 100 kutoka Cebu mjini. Anayependa sanaa apande basi.

Ila ndugu wa tetemeko ana hoja moja inayoniuma, ile ya komeo: paneli zilipitia mlango wa kanisa lenyewe. Parokia isiyo na orodha ya vitu vyake wala picha itadai nini kesho?

Kwa wasiojua mwisho wake, bodi ya makumbusho ilikubali, na Machi 2025 paneli zilirudi Boljoon. Mimi nawaza zile ambazo hazijatangazwa na mtu. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 1960 uliobadilisha ibada, altare na sanamu nyingi za zamani Ufilipino ziliondolewa makanisani zikaishia kwa wauza vitu vya kale. Aliyenazo leo, aliyerithi kwa babu, tumdai au tumbembeleze?