Uchumi ukipona, mbona wengine hubaki na kovu?

Mkaazi wa Umoja
Wenzangu, naomba mnieleweshe. Uchumi wa Kenya ulisinyaa kwa asilimia 0.3 mwaka 2020, kisha ukakua kwa zaidi ya asilimia 7 mwaka 2021. Shemeji yangu alikuwa mpishi katika hoteli moja hapa mjini; aliachishwa kazi Machi 2020, na mpaka leo anaendesha bodaboda, visu vyake vimeviringishwa ndani ya aproni chini ya kitanda. Ikiwa uchumi ulipona, mbona yeye hakurudi jikoni? Je, serikali ingetumia fedha zaidi wakati ule, angerudi?

Karani Mstaafu
Ndugu, hali hiyo wanauchumi huiita histeresisi, yaani athari inayobaki baada ya chanzo chake kuondoka. Olivier Blanchard na Lawrence Summers waliandika kuihusu mwaka 1986, walipoona ukosefu wa ajira Ulaya umepanda na kukataa kushuka. Anayekaa nje ya kazi muda mrefu ujuzi wake huchakaa, waliomfahamu kazini hutawanyika, na mwajiri humpendelea aliyetoka kazini jana. Mwaka 2012 Summers, safari hii pamoja na Brad DeLong, alieleza kwamba riba ikiwa chini mno, matumizi ya serikali wakati wa mdororo huweza hata kujilipia, kwa kuwa huokoa mapato ambayo yangetozwa kodi miaka ijayo.

Binti wa Hesabu
Mzee wangu, hapo kwenye riba ndipo tunapokwama. Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kulipa sehemu ya deni la mwaka 2014. Kwa bei hiyo, matumizi hayajilipii kirahisi. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza fedha zimepitia mlango gani. Aprili 2020 kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 wakasamehewa kodi ya mapato. Lakini aliyekwisha kupoteza mshahara angesamehewa nini? Kazi Mtaani, mpango wa serikali, nayo iliwapa vijana ujira wa kusafisha mitaa, jambo jema, ila haikumweka mpishi karibu na jiko. Ujerumani wafanyakazi hupunguziwa saa bila kufutwa, na mfuko wa bima ya ajira hufidia sehemu ya mshahara uliopotea.

Karani Mstaafu
Mfuko wa namna hiyo hatuna, binti yangu, na fundi wa jua kali hayumo kwenye orodha ya mwajiri yeyote.

Mkaazi wa Umoja
Ahsanteni. Nimemuuliza shemeji jioni hii. Anasema mwaka jana aliitwa kwenye usaili, wakampa kitunguu akikate, akakikata vizuri. Kisha wakamuuliza amekuwa wapi miaka yote hiyo.