Mjadala: Tuache nyama kwa ajili ya afya na mazingira, au hiyo ni ya wenzetu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Siku hizi kila kona tunahimizwa tuache nyama, mayai na maziwa, tule mimea tu. Tutapona magonjwa, na dunia itapona joto. Naomba tuijadili bila ushabiki.

Upande wa afya, kuna ukweli. Mwaka 2015 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliziweka nyama za kusindikwa, soseji na wenzake, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Anayemlisha mtoto soseji kila asubuhi akidhani ndiyo maendeleo, ajitafakari. Mwaka 2019 jopo la EAT-Lancet, la wanasayansi wa lishe na mazingira, likapendekeza nyama nyekundu isizidi sana gramu 14 kwa siku, yaani kama gramu 100 kwa wiki. Sasa pita baa yoyote Ijumaa jioni: mtu mmoja, mbuzi choma nusu kilo. Hata ukitoa mfupa, kamaliza mgao wa wiki tatu kabla kachumbari haijaisha.

Lakini huyo ni wa mjini na ana hela. Wengi wetu tunakula mimea tangu tuzaliwe. Nyama ni ya Jumapili na sikukuu. Kinachotuumiza ni wanga: mlima wa ugali wa sembe, kiini na pumba vimebaki mashineni vikaliwa na kuku, pembeni kijiko cha mchicha. Anayeshindia chipsi kavu, chapati na soda hajagusa nyama, na sukari inampanda vilevile.

Na watoto je? Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya Watanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kumwambia mama yao aache yai na dagaa ni ukatili. Vitamini B12, ya damu na mishipa ya fahamu, huipati kwenye maharage wala kisamvu, hata ule sufuria zima.

Msimamo wangu: anayekula kila siku apunguze, asiyepata aongezewe. Karibuni mnirarue.

Msabato, Same

Mkuu, usitishe watu. Sisi Wasabato wengi hatuli nyama, ila maziwa na mayai tunakula, kwa hiyo hiyo B12 tunaipata. Tofautisha asiyekula nyama na asiyegusa chochote cha mnyama. Huyo wa pili ndiye wa kutafuta vidonge. Upareni makande, kunde na mbaazi vimewalea watu mpaka wakaitwa babu. Shida ni chai ya rangi juu ya maharage: inazuia mwili kufyonza madini ya chuma. Kula chungwa, chai isubiri.

Mama lishe, Buguruni

Wanangu, mnaongea mazingira, mkaa hamuutaji! Maharage makavu yasipolowekwa yanakaa jikoni saa mbili hadi tatu. Dagaa nawapika chap. Miti ya huo mkaa inatoka wapi kama si porini? Mimi naloweka usiku, asubuhi namwaga maji, ndipo nabandika. Wateja wanamaliza maharage ya nazi kabla ya nyama, na si kwa sababu ya mazingira. Ni bei.

Mfugaji, Kiteto

Ndugu zangu, mwaka 2013 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilisema mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi joto zinazotokana na binadamu. Hesabu hiyo imejumlisha misitu ya Amazon inayofyekwa kwa ajili ya malisho na soya. Ng'ombe wangu anakula nyasi ambazo wewe huwezi kutafuna, sehemu ambayo mahindi yanakauka kila mvua ikikata. Ukiniondolea ng'ombe, nitalima. Nikilima, nitafyeka.

Mleta mada

Mama, ya mkaa nimeipokea mikono miwili. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 unataka ifikapo 2034 Watanzania asilimia 80 wawe wanaitumia. Kwa wapika maharage, presha kuka kwenye mtungi wa gesi ingefanya kazi kubwa kuliko semina kumi za lishe, ila hela ya kujaza gesi ndio mtihani.

Mfugaji, ya nyasi nakubali. Lakini ng'ombe wa nyasi naye akicheua anatoa gesi joto, na gesi haina uraia. Isitoshe malisho yamebaki vumbi kwa sababu kundi limezidi. Kwa nini usifuge wachache walionona?

Mfugaji, Kiteto

Rahisi kuandika hivyo ukiwa Dar. Ukame wa kuingia 2022, Simanjiro mizoga ilijaa mabondeni. Aliyekuwa na mia alibakiwa na mbegu. Aliyekuwa na ishirini angeanzia wapi? Nikitaka kuuza mapema, mnadani wote tunauza siku moja, bei inaanguka, mchuuzi anacheka. Leteni bima ya mifugo inayolipa kweli na soko lenye mizani, niuze kwa kilo badala ya kukadiriwa kwa macho. Hapo tutaongea habari ya kupunguza.