Mjadala: Betri za vihisi porini zitumike pia kuficha alipo tembo?

Mleta mada:
Wakuu, hoja ninayoisikia kila mara kwenye mipango ya kufuatilia wanyamapori kwa vihisi (vifaa vidogo vya betri vinavyogundua mnyama akipita na kutuma taarifa kwa mawimbi ya redio) ni hii: betri ni kidogo, itumike kutuma taarifa tu, usiri utatoshwa na kuufunga ujumbe kwa namba za siri. Mimi napinga.

Kuufunga ujumbe kunamzuia jangili asiusome, lakini hakumzuii kujua umetoka wapi. Vihisi vimetawanywa porini, kila kimoja kinampokeza jirani yake hadi kituo cha askari. Tembo akipita, kihisi kilicho karibu naye ndicho kinachoanza kurusha. Mwenye antena ya kuelekeza anakaa karibu na kituo, anasikia ujumbe wa mwisho umetokea upande gani, anasogea hadi kwenye kihisi hicho, anasubiri mwingine. Mwisho anamfikia tembo bila kuelewa neno hata moja.

Watafiti wa Marekani walilieleza tatizo hili miaka ya 2004 na 2005 kwa mfano wa mwindaji anayemsaka mnyama aitwaye panda. Walipendekeza ujumbe uzurure kwanza hatua kadhaa bila mpangilio, ndipo uelekee kituoni. Gharama yake ni betri, maana kwenye vifaa hivi kurusha mawimbi kunakula umeme kuliko kupiga hesabu.

Tuilipe. Eneo la hifadhi la Selous-Mikumi, hapa Tanzania, lilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 mwaka 1976; sensa ya 2013 ilikuta 13,084. Na mwaka huohuo wa 2013, huko India, kuna mtu alijaribu kuingia kwenye barua pepe iliyokuwa ikipokea taarifa za kola (mkanda wa shingoni unaotuma mahali alipo mnyama) ya chui milia wa hifadhi ya Panna. Wanaotafuta njia hizi wapo.

Mchangiaji:
Mkuu, betri ya kola haibadilishwi kirahisi. Ikiisha, tembo anapigwa tena sindano ya usingizi. Akiangukia kifua lazima asukumwe alale ubavu haraka, la sivyo anashindwa kupumua. Kijiti kinawekwa kwenye ncha ya mkonga hewa ipite, sikio linafunikwa juu ya jicho. Kila mara ni kuhatarisha uhai wake. Na kola iliyozima haimlindi yeyote.

Mleta mada:
Nakubali, ndiyo maana kola siziingizi kwenye gharama hii. Kola ya setilaiti haina majirani wa kupokezana nao. Yenyewe ihifadhi taarifa za saa kadhaa na kuzituma kwa mkupuo, ila tembo akiacha kutembea au akikaribia mpaka wa hifadhi, itume papo hapo. Hapo betri inadumu na msikilizaji anapata nafasi chache.

Vihisi vya ardhini ndivyo nasema vizuruze ujumbe. Askari wa doria anaweza kuvibadilishia betri bila kumgusa mnyama. Sitetei wanaotaka kila kihisi kirushe ujumbe bandia mchana na usiku ili wa kweli ufichike. Huo unaumaliza mtandao mzima mapema.

Na kuna jambo naona halizungumzwi. Vihisi vilivyo karibu na kituo vinapitisha ujumbe wa wenzao wote, hivyo ndivyo vinavyozima kwanza. Vikizima, vya mbali vinabaki na umeme usioweza kufikisha kitu kituoni. Ujumbe ukizurura hukohuko mbali, unakula umeme ambao ungebaki bure. Mnaopinga, nionyesheni hasara iko wapi.